Ripita Juu ya Kilima: Mhadhara kuhusu Redio ya Ridhaa na Mikusanyiko ya Umma Dodoma



Tangu Julai 2016, Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, mji huu umepokea mikusanyiko ambayo zamani ilikuwa ya Dar es Salaam. Tarehe 26 Aprili 2018 ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa ikaanza kuleta abiria kutoka Pwani kwa saa chache. Kila Agosti wakulima na wafugaji hujaza viwanja vya Nane Nane pale Nzuguni. Wakimbiaji wa NBC Dodoma Marathon hutoka Uwanja wa Jamhuri na kusambaa kwenye barabara za jiji. Vyama vya siasa, madhehebu ya dini na vyama vya wafanyakazi navyo huita mikutano yao mikuu hapa. Nina hoja moja juu ya mikusanyiko hiyo. Kila ulio mkubwa uwe na ripita ya redio ya ridhaa, iliyopandishwa kilimani kwa siku hizo tu na kuendeshwa na watu wenye leseni wanaoifanya kazi hiyo kwa kuipenda, bila malipo. Mkusanyiko wenyewe utafaidika, lakini faida kubwa iko mbele zaidi: tukio lililopangwa ndilo linalotupa nafasi ya kujifunza, kwa utulivu, kazi ambayo siku ya maafa hakuna atakayekuwa na muda wa kujifunza.

Ripita ni kituo cha redio kinachopokea sauti kwenye masafa fulani na papo hapo kuirusha upya kwenye masafa mengine, kwa nguvu zaidi na kutoka mahali pa juu zaidi. Redio kol ya mkononi ina wati 5 hivi, na antena yake fupi haizidi kimo cha mtu. Mara nyingi hata imebanwa na mwili wa mwenye nayo, ambao hufyonza sehemu ya nguvu hiyo. Mawimbi ya VHF na UHF husafiri karibu kama mwanga unavyosafiri. Yakikutana na kilima au na mkunjo wa ardhi yenyewe, safari yao imekwisha. Mafundi wana kanuni rahisi ya kukadiria jambo hili: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, na jibu ni umbali wa upeo wake wa redio kwa kilomita. Antena iliyo mita 1.5 kutoka ardhini inaona kilomita 5. Watu wawili wenye redio za mkononi, kwenye uwanda usio na kitu kabisa, wangesikilizana kwa kilomita 10; weka nyumba, mibuyu na magari katikati, hesabu hiyo inashuka hadi kilomita 3 au 4. Sasa pandisha antena ya ripita kwenye kilima chenye mita 100 juu ya uwanda unaokizunguka. Upeo wake ni kilomita 41, na ukiongeza zile 5 za redio ya mkononi unapata 46. Watu wale wale, kwa wati zile zile 5, mmoja akiwa mashariki ya kilima na mwenzake magharibi, wanaweza kuzungumza hali wametenganishwa na kilomita zaidi ya 80.

Nasema mita 100 juu ya uwanda, wala sisemi juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hapa watu wengi hupotea. Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari, na wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa tuko kwenye uwanda wa juu basi redio zetu zina nafuu kuliko za Dar es Salaam. Hazina. Uwanda ni uwanda hata ukiwa juu. Mtu aliyesimama Nzuguni amezungukwa na ardhi iliyo sawa naye. Nafuu yetu ni vile vilima vya mawe vinavyochomoza peke yake katikati ya tambarare: Mlimwa karibu kabisa na mji, Imagi upande wa kusini, na miinuko ya Chimwaga ambako Chuo Kikuu cha Dodoma kimejengwa tangu 2007. Mji wa pwani unaotaka mita 100 za urefu lazima ujenge mnara au ukodi paa la ghorofa. Dodoma inahitaji njia ya miguu, kibali, na watu wawili wa kubeba betri.

Mtu anaweza kuuliza, kama vilima vipo, kwa nini tusijenge ripita ya kudumu tukaachana na hii ya kubeba? Ya kudumu ni nzuri, na siku moja natumaini itakuwepo. Lakini itatumikia jiji, na uwanda wa kati si jiji peke yake. Ukielekea magharibi, ukipita Bahi na mbuga zake zinazojaa maji masika, unakutana na ukingo wa Bonde la Ufa kabla ya kufika Manyoni. Aliye chini ya ukingo ule hasikiki kwa aliye Dodoma. Kusini-mashariki, milima ya Kiboriani inaiziba Mpwapwa, na reli ya zamani inapita kwenye bonde la Kinyasungwe, kwenye stesheni kama Gulwe na Godegode, ambako mafuriko yameikata mara nyingi. Kaskazini kuna miinuko ya Irangi, Kondoa. Hakuna kilima kimoja kinachoona sehemu zote hizi. Kifaa kinachoweza kupakiwa kwenye gari na kusimamishwa Mpwapwa leo na Kondoa mwezi ujao kina thamani kuliko kikubwa zaidi kilichofungwa mahali pamoja, na watu waliozoea kukisimamisha mara sita kwa mwaka wana thamani kuliko kifaa chenyewe.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni simu. Kila mtu anayo, minara imefika karibu kila kata, na kundi la WhatsApp la waandaaji linafunguliwa kwa dakika moja bila leseni wala betri kubwa. Nakubali mengi ya hayo. Kwa kazi nyingi za mkusanyiko simu inatosha, na kampuni za simu zinaweza kuleta minara ya muda pale umati unapotarajiwa kuwa mkubwa. Lakini mnara wa simu hupangiwa mzigo wa kawaida wa eneo lake. Maelfu ya watu wakikusanyika uwanjani na wote wakaanza kupiga picha na kuzituma, mzigo unapita kiasi, na kwenye hali hiyo simu ya daktari inasubiri foleni sawa na simu ya mtazamaji. Wala minara haijitegemei. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikayumba vibaya nchini kote. Makundi ya WhatsApp yakakwama kwa jambo lililotokea baharini, mbali mno na uwanda huu. Ripita iliyo Mlimwa haitegemei kitu chochote kilicho nje ya upeo wa macho yake.

Hata hivyo, uimara si hoja yangu kubwa juu ya simu. Hata simu ikifanya kazi vizuri kabisa, kupiga simu ni mazungumzo ya watu wawili. Kwenye ripita mmoja anasema na wote wanasikia, na hii ndiyo sifa ambayo mkusanyiko unaihitaji. Tuangalie mambo mawili yaliyotuumiza kama taifa. Tarehe 1 Februari 2020, kwenye uwanja wa Majengo, Moshi, watu 20 walikufa walipokanyagana wakikimbilia mafuta ya upako katika ibada. Tarehe 21 Machi 2021, Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walikufa katika msongamano wa waombolezaji waliokwenda kumuaga Rais Magufuli. Sitasema kwamba redio ingewaokoa. Mambo mengi huchangia vifo vya namna hiyo, na ni makosa kudai kifaa kimoja kingetosha. Nasema tu kile kinachojulikana juu ya misongamano: aliye nyuma hajui kinachompata aliye mbele. Anaendelea kusukuma kwa kuwa kwake yeye njia inaonekana wazi. Habari zinapaswa kutoka mbele kwenda kwa mlinzi wa lango, kwa mwenye kipaza sauti, kwa dereva wa gari la wagonjwa na kwa ofisa wa polisi, na ziwafikie wote kwa pamoja, ndani ya sekunde. Anayepiga simu ataanza na nani? Akimaliza wa kwanza ampigie wa pili, na huyo wa pili wakati huo anaongea na mwingine. Kwenye masafa ya pamoja, sentensi moja ya maneno kumi imewafikia wote, na kila mmoja amejua kwamba wenzake wamesikia.

Ushahidi wa namna jambo hili linavyofanya kazi upo. Waendeshaji wa redio za ridhaa wa eneo la Boston, Marekani, walikuwa wamehudumia mbio za marathoni za mji huo kwa miaka mingi, wakikaa kwenye vituo vya huduma ya kwanza na kuripoti wakimbiaji walioacha mbio. Ilikuwa kazi isiyo na sifa. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu yalipolipuka karibu na mstari wa kumalizia, mitandao ya simu ililemewa mara moja, na watu wale, zaidi ya 200, wakaendelea na kazi yao kwenye masafa yao. Kila mmoja tayari alijua kituo chake, sauti ya msimamizi wake, na njia ya kufikisha ujumbe. Hawakuanza kujipanga siku ile. Kwetu Afrika Mashariki, mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalilazimisha timu kutafuta jibu la tatizo hili hili la upeo: ndege ndogo na helikopta ziliruka juu ya magari zikiwa na redio, kuwaonya madereva na kupokezana ujumbe kati ya gari na mafundi waliokuwa mbali. Ndege ile ilikuwa ripita inayoruka. Wale waliokuwa na fedha walinunua urefu kwa mafuta ya ndege. Sisi tuna mawe yaliyokwisha kuwekwa pale.

Naomba sasa mnivumilie niingie ndani ya kifaa chenyewe, kwa kuwa mipango mingi ya namna hii hufa kwa ufundi usiofikiriwa mapema. Ugumu wa ripita ni kwamba inasikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Kwenye bendi ya mita 2, ambayo kwetu ni megahezi 144 hadi 146, desturi ya upande wetu wa dunia ni kupokea kilohezi 600 chini ya masafa ya kurushia: kama inarusha kwenye 145.700, inapokea kwenye 145.100. Sasa hesabu. Inarusha kwa wati 25, na inatakiwa isikie ishara hafifu sana kutoka kwa redio ya mkononi iliyo kilomita 40. Nguvu inayotoka ni kama mara trilioni 25,000 ya ile inayoingia, na zote mbili zinapita kwenye antena moja. Bila kinga, ripita inajiziba masikio kwa sauti yake yenyewe. Kinga ni vichujio vya mitungi ya chuma, kila mtungi wenye urefu wa nusu mita au zaidi kwa bendi hii, uliokazwa kwa uangalifu ili upitishe masafa fulani na kuzuia mengine. Ni mizito, na inahitaji kupimwa upya baada ya kutikiswa kwenye gari kwenye barabara ya vumbi. Anayesema ripita ya kubeba ni jambo la kununua redio mbili na kuziunganisha kwa waya hajawahi kuhesabu.

Ipo njia ya mkato inayopendwa: redio moja ya gari yenye bendi mbili, inayopokea kwenye bendi ya sentimita 70, megahezi 430 hadi 440, na kurusha kwenye mita 2. Masafa haya yako mbali kiasi kwamba mitungi haihitajiki, na mzigo wote unaingia kwenye begi. Ina mitego miwili. Wa kwanza ni wa hesabu: 145 mara 3 ni 435, kwa hiyo zidisho la tatu la masafa yanayorushwa kwenye mita 2 linaangukia katikati ya bendi ambayo redio inasikilizia. Masafa lazima yachaguliwe kwa kulikwepa zidisho hilo. Wa pili unagusa hoja yangu yenyewe. Katika mpangilio huo, wasimamizi walio kwenye mita 2 wanawasikia wote, lakini watu wa uwanjani walio kwenye sentimita 70 hawasikilizani kupitia kilimani, mpaka kila mmoja awe na redio ya bendi mbili inayosikiliza bendi ya pili. Ile sifa ya mmoja kusema na wote kusikia inapotea kimyakimya, na waandaaji wanaweza wasigundue hadi siku ya taabu. Kwa hiyo, pamoja na uzito wake, napendekeza ripita kamili yenye mitungi, na begi la bendi mbili liwe akiba.

Wati nyingi hazina maana. Ripita ya wati 50 itasikika mbali zaidi, lakini redio ya mkononi ya wati 5 iliyo kule haitaweza kuijibu. Mtu atasikia kila kitu na kudhani naye anasikika, jambo lililo baya kuliko kutosikia kabisa. Wati 10 hadi 25 zinatosha, na redio haitachemka haraka. Joto si jambo dogo: redio nyingi za gari zimetengenezwa kwa mtu anayesema kidogo na kusikiliza sana, na jua la saa nane mchana juu ya mwamba wa Dodoma litaongeza lake. Kivuli na feni ndogo ni sehemu ya kifaa. Kuhusu umeme, redio ya namna hii hula ampea 8 hivi inaporusha na chini ya 1 inaposikiliza. Kwa saa 12, ikirusha theluthi moja ya muda, tunahitaji kama ampea-saa 40. Betri ya asidi isitumiwe zaidi ya nusu ya uwezo wake kama tunataka idumu, basi tunahitaji betri ya ampea-saa 100, na paneli ya jua ya kuisaidia mchana. Uwanda wa kati una upepo. Mlingoti wa mita 6 juu ya kilima kilicho wazi unahitaji kamba pande tatu au nne, na kamba hizo zinahitaji kufungwa kwenye mawe makubwa kwa kuwa mambo za hema haziingii kwenye mwamba. Mwamba huo mkavu pia unafanya waya wa athi uwe na kazi ndogo, kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Aprili, msimu wa mvua na radi, kanuni iwe moja: ngurumo ikisikika, antena inachomolewa na watu wanashuka.

Sasa juu ya wenye haki ya kufanya haya. Huduma ya redio ya ridhaa inatambuliwa na Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), ambazo zinaieleza kuwa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa kiufundi, kwa watu walioidhinishwa wanaoifanya kwa kuipenda na bila maslahi ya fedha. Tanzania ina ishara za mwito zinazoanza na 5H. Zama za ukoloni Tanganyika ilitumia VQ3. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na Mamlaka ina ofisi ya Kanda ya Kati hapa Dodoma. Kwa hiyo kila nilichokisema kinaanza kwa barua yenye masafa yanayoombwa, mahali, nguvu, tarehe na majina ya wahusika. Kupandisha ripita bila ruhusa kwa kisingizio cha kusaidia ni kuvunja sheria, na ni njia ya uhakika ya kufunga mlango kwa watakaofuata.

Hapo kuna pingamizi ambalo mwanasheria makini atalitoa: kama huduma hii ni ya ridhaa isiyo ya fedha, je, inaruhusiwa kuhudumia mbio zenye mdhamini na ada ya kushiriki? Hoja ni ya haki. Jibu langu ni kuweka mpaka ulio wazi. Waendeshaji wasilipwe, wasibebe ujumbe wa biashara, wasiwe wao wanaoagiza maji ya chupa au kuratibu magari ya wageni. Kwa kazi hizo mwandaaji akodi redio za biashara kwenye masafa ya biashara, kama makampuni ya ulinzi yanavyofanya. Redio ya ridhaa ibaki na usalama wa watu: mkimbiaji aliyeanguka, mtoto aliyepotea, lango lililozidiwa, barabara iliyozibika. Kanuni za ITU zinazuia ujumbe kwa niaba ya watu wengine katika mawasiliano ya kimataifa isipokuwa dharura na misaada ya maafa. Ndani ya nchi uamuzi ni wa mamlaka ya nchi. Tena Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio wa mwaka 2003 uliongeza katika Ibara ya 25 himizo kwa nchi kuchukua hatua za kuwawezesha waendeshaji wa ridhaa kujiandaa kwa mawasiliano ya maafa. Neno la msingi katika himizo hilo ni kujiandaa. Mtu hajiandai kwa kuweka redio kabatini; hujiandaa kwa kuifanyia kazi penye watu, vumbi na kelele.

Wapo watakaoogopa usiri. Redio ya ridhaa iko wazi. Yeyote mwenye kipokezi anasikia, na msingi wa huduma hii ni kwamba ujumbe haufichwi maana yake. Jina la mgonjwa na ugonjwa wake visitajwe hewani. Kwenye mbio jambo hili ni jepesi kwa kuwa kila mkimbiaji ana namba kifuani: "namba 214, kituo cha 5, anahitaji gari" inatosha, na yaliyobaki daktari atayapata kwa macho yake au kwa simu. Mambo ya ulinzi wa viongozi hayana nafasi kabisa kwenye masafa haya. Vyombo vya dola vina redio zao. Woga mwingine ni wa uvamizi. Redio kol za bei nafuu kutoka China zimejaa madukani, na nyingi zinaweza kurusha karibu popote kati ya megahezi 136 na 174. Kijana mwenye udadisi anaweza kuingia kwenye masafa yetu. Toni ndogo ya kufungulia ripita hupunguza kelele za bahati mbaya, lakini mtu asiidhanie kuwa kufuli. Kinachosaidia ni msimamizi wa masafa asiyebishana na mvamizi, masafa ya akiba yaliyokwisha kuandikwa kwenye karatasi ya kila mwendeshaji, na antena ya kutafutia mwelekeo. Ugumu huu ni wa kweli. Ni vema tukaukuta kwanza Nzuguni, siku ya maonesho.

Pingamizi linalonisumbua kuliko yote ni la watu. Waendeshaji wenye leseni nchini ni wachache, na walio uwanda wa kati ni wachache zaidi. Marathoni ya kilomita 42 yenye vituo vya maji kila kilomita 5 inahitaji angalau watu kumi na wawili: mmoja kwa kila kituo, wawili kilimani, mmoja kwenye gari la wagonjwa, mmoja mezani kwa msimamizi. Tutawatoa wapi? Chuo Kikuu cha Dodoma kina wanafunzi wa mawasiliano na kompyuta wanaosoma nadharia ya mawimbi. Skauti duniani kote wana Jambore ya hewani kila Oktoba, inayowafundisha vijana kuzungumza redioni kwa adabu. Chama cha Msalaba Mwekundu kina watu wa kujitolea wanaokuwepo kwenye mikusanyiko hii tayari. Hata hivyo sitaki kulipamba jambo hili. Kumpata mtu mwenye leseni si kazi ya wiki mbili, na chama kitakachojitwika marathoni nzima mwaka wa kwanza kitaaibika. Uchache wa watu ni sababu ya kuanza na tukio dogo. Si sababu ya kutoanza, kwa kuwa waendeshaji hawazaliwi mahali ambapo hawana kazi ya kufanya. Kijana hawezi kuvutiwa na redio anayoambiwa kwamba ipo kwa ajili ya tetemeko ambalo huenda lisije.

Na maafa ya uwanda huu yanajulikana. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu, treni ya abiria zaidi ya 1,200 ilirudi nyuma kwenye mteremko ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa, mbali na mji wowote mkubwa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia Taifa hadi mkoa, wilaya, kata na kijiji. Kamati ni watu, na watu walio kwenye vijiji vitano kando ya bonde lililokatwa na maji wanahitaji kusikilizana wote kwa pamoja, siku ile ile, kabla vifaa vikubwa havijafika. Kikundi chenye ripita moja, kilichozoea kuipandisha na kuikamilisha kabla ya alfajiri ya marathoni, kinaweza kufika Gulwe jioni ya mafuriko na kupandisha mlingoti kwenye kilima cha karibu kwa muda ule ule. Kikundi chenye kifaa kile kile ambacho hakijatolewa stoo kwa miaka miwili kitagundua kilimani kwamba betri imekufa na waya wa antena una kutu.

Kwa hiyo napendekeza tuanze kwa kupima. Watu wawili wakae na ripita kwenye Mlimwa siku moja, wawili wengine wazunguke na gari wakiwa na redio za mkononi za wati 5, na kila baada ya kilomita 2 waandike kama wanasikika vizuri, kwa shida, au hawasikiki: Ihumwa, Mtumba, Chamwino, Hombolo, Bahi. Kisha kazi ile ile ifanywe kutoka Imagi. Ramani mbili zitakazopatikana zipelekwe kwa kamati ya maafa ya mkoa na ofisi ya TCRA ya Kanda, ili maombi ya kibali yanayofuata yawe na ushahidi ndani yake. Tukio la kwanza liwe Nane Nane. Agosti haina radi, viwanja vya Nzuguni ni mahali pamoja panapohitaji waendeshaji wanne au watano tu, na maonesho huchukua siku kadhaa, kwa hiyo kosa litakaloonekana Jumatatu linaweza kurekebishwa kabla ya umati mkubwa wa siku ya kilele.